Kamba ya Kupimia Mitaro

Siku ya kwanza kushika kamba ya kupimia nilikuwa na mimba ya miezi sita. Bwana Shamba, yule afisa wa kilimo, akaniuliza kama nitaweza kupanda kilima. Nikamwambia, "Wewe ndiye umevaa viatu vya kuteleza. Twende." Tukapanda, na aliyeanguka ni yeye.

Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la tatu, basi, na sioni haya. Nyinyi mnaona zile ngazi kwenye vilima vya Machakos mnadhani Mungu aliziumba hivyo. Ni sisi akina mama tulizichimba, kwa mwethya. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana: leo wote mko kwangu na majembe, wiki ijayo tuko kwako. Tulichimba fanya juu, yaani unachimba mtaro na udongo unautupa upande wa juu, unakuwa ukingo wa kushika mvua.

Lakini jembe linafuata kamba. Vijiti viwili vya urefu mmoja, kamba ya nailoni kutoka kimoja hadi kingine, na katikati kabisa ya kamba, palipofungwa uzi mwekundu, unaning'iniza pima maji, ile ya mafundi wa nyumba yenye kipovu ndani. Wawili wanashika vijiti, mmoja anasimama kwenye uzi na kusoma kipovu. Huyo ndiye anaamuru: panda, shuka, hapo hapo, piga kigingi. Huyo nilikuwa mimi.

Mtaro mgumu ni ule wa juu kabisa ya shamba, wa kukinga maji ya kilima. Huo haulali sawa. Unainamishwa kidogo tu, maji yaende kando mpaka kwenye mkondo wenye nyasi. Bwana Shamba aliniambia, "Mama Mwikali, maji ni kama ng'ombe mgeni. Akikimbia atabomoa boma. Mfundishe kutembea."

Nami niliyafundisha. Mvua ikinyesha, wenzangu walikaa ndani wakipuliza kuni mbichi, machozi yakiwatoka. Mimi nilijifunika gunia nikatoka kuangalia maji yanapita wapi. Nikirudi na matope mpaka magotini, mume wangu ananiuliza, "Wewe umeolewa na mimi ama na mvua?" Nilijua korongo litaanzia wapi kabla halijaanza. Waliniita upande wa Yatta, wakaniita mpaka Masinga. Nikipita na vijiti begani, hata naibu wa chifu alishuka kwenye baiskeli kunisalimia.

Kisha Bwana Shamba yule akahamishwa. Akaja mwingine, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, na fomu. Kila mtaro sasa lazima uandikwe: urefu, mteremko, jina la mwenye shamba. Akatuuliza, "Nani hapa amefika sekondari?"

Ndinda akainua mkono. Ndinda ni mke wa ndugu ya mume wangu, alifika kidato cha pili.

"Basi wewe utashika pima maji," akasema yule kijana. "Mama Mwikali atachimba."

Atachimba! Mimi!

Nitasema ukweli kwa sababu sina wa kumwogopa tena. Nilimwonea Ndinda wivu mpaka nikakonda. Niliuonea wivu mwandiko wake, na kile kitambaa chake cha kijani alichovaa kila siku ya mwethya. Kwetu mvua hutoka upande wa shamba lake, kwa hivyo inamfikia kwanza. Nikaona hata mvua inampendelea. Na kibaya zaidi, hakuwa mtu wa kuchukiwa. Nikiugua alinichotea maji. Nilikunywa hayo maji nikiwa nimekasirika.

Mwaka ule wa El Nino, kabla mvua haijaanza, ilikuwa zamu ya Susu Nthenya. Susu, yaani nyanya, alikuwa mjane aliyeishi peke yake chini ya mteremko mkali, na shamba lake lilihitaji mtaro wa kukinga maji upya. Ndinda akatandaza kamba. Nikaiangalia. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kama urefu wa mkono, ukafungwa tena kwenye kijiti. Uzi mwekundu haukuwa katikati tena.

Kwa asiyejua, hilo ni jambo dogo. Lakini pima maji isipokuwa katikati, kamba inalegea zaidi upande mmoja na kipovu kinadanganya. Kinadanganya kidogo, kisha vijiti vinasogezwa, kinadanganya tena upande ule ule, mpaka mwisho wa shamba mtaro unainamia mahali usipotakiwa. Dawa yake ni kukunja kamba mara mbili na kufunga uzi upya. Kazi ya kukohoa mara tatu.

Nilichukua jembe.

Mama mmoja akanichokoza, "Mama Mwikali, leo umenyamaza hivi, umemeza chura?"

"Ninachimba," nikamwambia. "Si ndiyo kazi niliyopewa?"

Wakacheka. Nilitaka mtaro uharibike kidogo tu. Usimwage maji vizuri, Bwana Shamba aone, Ndinda aaibike, basi. Hivyo ndivyo nilivyopanga, kana kwamba mvua huuliza mtu kiasi.

Mvua hiyo ilikuja na haikujua kuondoka. Magodoro yalitoa ukungu. Mahindi yaliota yakiwa bado ghalani. Mito tuliyozoea kuvuka kwa mguu ikazuia watoto kwenda shule wiki nzima. Asubuhi moja tukasikia mlio kama wa lori linalomwaga mawe. Maji ya kilima yalikuwa yameingia kwenye mtaro wa Susu yakaelekea upande usio na mkondo, yakasimama hapo, yakajaa, yakapasua ukingo. Yalichukua kunde, mbaazi na ngazi tatu pamoja na udongo wake. Yalichukua jiko lake na kuku wote. Susu tulimkuta amesimama juu ya kitanda, ameshika Biblia na sufuria.

Mtoto wake akamchukua akakae naye mjini Mlolongo, chumba cha kupanga karibu na malori. Hakulima tena mpaka alipokufa.

Bwana Shamba, yule kijana, alikuja na mwavuli, sote tumesimama kwenye matope. "Nani alipima hapa?"

"Ni mimi," Ndinda akasema.

"Kosa lilikuwa wapi?"

"Sijui. Lakini nilipima mimi."

Akamnyang'anya pima maji akanipa mimi mbele ya watu. Niliipokea kwa mikono miwili. Fomu akaandika mwenyewe. Nilifanya hiyo kazi zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, na hakuna mtaro wangu uliopasuka, ulizeni. Lakini kila nilipoikunja ile kamba nilimsikia Ndinda akisema "ni mimi" kwenye mvua, na nikamwonea wivu kwa hilo kuliko kidato cha pili.

Magoti yalipokataa kilima, niliwaambia akina mama watafute mwingine. Siku hiyo nikaenda kwa Ndinda. Kulikuwa na manyunyu. Nilimkuta anachambua ndengu kwenye ungo.

"Ndinda, ile kamba ya kwa Susu Nthenya ilikuwa imekatwa. Niliiona kabla ya kigingi cha kwanza."

Mikono yake haikusimama. "Najua uliiona. Nilikuona ukiiangalia."

"Na hukusema?"

"Nyumbani walikuwa wameikata hiyo kamba kumfungia ndama, hata mimi nilikuwa na shaka. Nikasema, wacha nione Mama Mwikali atasema nini. Ukachukua jembe ukaanza kuchimba. Nikajua ni sawa." Akapuliza makapi. "Wewe hukuwa mtu wa kukosea."

"Na baada ya mvua? Hukujua nimefanya nini?"

"Nilijua."

Nikangoja aniulize kwa nini. Nilikuwa nimejitayarishia jibu njia nzima. Hakuniuliza. Alinimiminia chai, akasukuma kikombe mbele yangu, akaendelea na ndengu zake. Mimi ningekuwa yeye, kijiji kizima kingejua kabla ya jioni. Yeye alikuwa amekaa nalo miaka hiyo yote, tukisalimiana, tukisaidiana kuvuna, tukikaa benchi moja kanisani.

Nilikunywa ile chai nikimwangalia. Hata kunyamaza amenishinda.