Fundi Lukumani Anasoma Vitabu vya Karani

Mwezi wa Oktoba 1964 fundi Lukumani alisoma vitabu vitano, na hakuna hata kimoja kilichomridhisha.

Havikuwa vyake. Vilikuwa vya jirani yake Zacharie, karani, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, ambaye kwa miaka kumi alivipanga sebuleni karibu na dirisha ili kila apitaye avione. Enzi za Wabelgiji tume ilikuwa ikizunguka majumbani kukagua nani amestaarabika vya kutosha kupewa kadi. Walihesabu uma, wakachungulia choo, wakauliza vitabu. Zacharie alipata kadi yake. Kwa Lukumani tume haikufika, maana nani angehangaika na Mwislamu wa cherehani, hata kama alisoma miaka sita kwa mafrere, mabruda wa misheni, na Kifaransa anakijua?

Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Simba, wapiganaji wa uasi, walikuwa wameshika Kisangani tangu Agosti. Mwenye vitabu aliitwa msomi, msomi aliitwa msaliti, na makarani waliochukuliwa hawakurudi. Asubuhi moja Zacharie akaja na gunia, jasho linamtiririka.

"Fundi, kamata hii makaratasi. Utakatia patron za kupimia nguo, utafungia watu mizigo, fanya unavyotaka. Lakini iishe."

Lukumani akatoa kitabu cha kwanza, akataka kufungua ukurasa wa tatu, haukufunguka. Vitabu vya Kifaransa siku zile vilitoka kiwandani kurasa zimeshikana ukingoni, msomaji akizikata mwenyewe kwa kisu kadiri anavyosoma. Akajaribu cha pili, cha tatu. Vyote vinane havijawahi kuguswa na kisu. Miaka kumi! Lukumani alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kisha akachukua mkasi wake wa kazi akaanza kukata na kusoma, kwa ukaidi tu, walau mtu mmoja mtaani avisome.

Maoni yake aliyaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Cha kwanza kilikuwa safari za Mbelgiji mmoja aliyepanda mto wetu, Kongo. "Anasema alipita wiki nzima bila kuona mtu. Nani basi alikuwa anapiga kasia?" Cha pili, bibi wa Paris anayeugua mapenzi kurasa mia tatu. "Angepewa shamba la muhogo huko Bengamisa, angepona kwa siku nane." Cha tatu kilihusu adabu za mezani: "Kurasa arobaini za vijiko, chakula hakuna." Cha nne kilikuwa cha nahodha. "Dhoruba sita. Kuanzia ya pili mimi nilikuwa upande wa maji." Cha tano, profesa anayejiuliza kama kweli yupo. "Yupo. Kichwa kinaniuma."

Novemba alipanga kumaliza vitatu vilivyobaki. Kimoja kilieleza nyota, kingine maua ya bustani, na cha mwisho kilikuwa juzuu ya pili ya nahodha. Hicho alikitaka hasa, aone kama hatimaye atazama.

Mipango hiyo haikufika mbali. Simba wanne walikuja kuchukua suruali walizoagiza, mmoja akaona kitabu juu ya meza ya cherehani. Ndani kulikuwa na muhuri wa zambarau. Zacharie, kwa majivuno yake, alikuwa amegonga jina lake katika kila kitabu. Muda si mrefu akaletwa uani kwa Lukumani bila viatu, mkewe Émilie akimfuata huku analia.

Kamanda wao alikuwa kijana aliyewahi kupita shule ya walimu, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa, maana vitabu alivijua.

"Page zimekatwa. Donc, basi, umesoma yote. Wewe iko intellectuel," akamwambia Zacharie.

Simba wawili wakamshika Zacharie mikono.

Lukumani angeweza kunyamaza. Na tusimpambe, kilichomwinua pale si huruma peke yake. Hakuweza kuvumilia kuona Zacharie anakufa kwa sifa isiyo yake.

"Commandant, huyu mutu hajasomaka hata kitabu kimoya. Ni mimi nilisoma. Nilikata na hii makasi. Angalia zile tatu mu gunia, bado kufunguka."

Akatoa daftari. Kamanda akayasoma maoni kwa sauti, na Simba wakashika mbavu kwa kicheko.

"Wewe unasoma kusudi utukane Wazungu," akasema kamanda. "Bon, hiyo iko kazi ya révolution. Lakini wewe karani, miaka kumi ulikuwa unafanya nini na hivi vitabu?"

Zacharie akamtazama mkewe, kisha chini.

"Nilikuwa naweka tu."

"Sema kwa nguvu!"

"Nilikuwa naweka tu! Sikusoma!"

Walimcheka, wakamwachilia, wakavichoma vitabu vyote vinane palepale uani.

Wiki nzima Zacharie hakumsalimu Lukumani. Kisha alasiri moja akaja, akaketi kwenye benchi la wateja. Lukumani alikuwa ameshaziandaa kejeli zake.

"Papa Lukumani," alisema Zacharie, naye hakuwahi kumwita hivyo, kwa heshima ya baba, "Émilie alikuwa ananiulizaka vitabu vinasema nini. Nilikuwa natunga. Miaka kumi natunga. Sasa amejua. Unielezee, nimuelezee ya kweli."

Lukumani akafungua daftari, akamsomea habari ya bibi wa Paris na muhogo wa Bengamisa.

"Hiyo nilisikia kwa commandant. Mimi nauliza kitabu ilisema nini. Ule mama, alikufaka?"

Lukumani akafikiri. Alikumbuka alivyocheka alipoandika ile sentensi ya muhogo, na jinsi alivyojipongeza. Lakini bibi mwenyewe, jina lake, aliyempenda, mwisho wake, hakuna kilichobaki. Akageuza kurasa mbele na nyuma, hakuona ila vipimo vya viuno vya wateja na matusi yake mwenyewe.

"Sikumbuki," akasema.

Zacharie akalifunga lile daftari.

"Donc na wewe hukusomaka."

Akainuka akaenda zake.