Sekunde Ishirini za Bi Kinanda

Saa mbili asubuhi. Bi Kinanda, kama majirani wanavyomwita, ameketi ukingoni mwa kitanda. Kinanda chake kimelazwa juu ya meza ya kupigia pasi, na blanketi limetundikwa dirishani kuzuia kelele za barabarani. Anapiga kipande kifupi, anasimama. Anakirudia, anasimama tena.

Anatunga muziki wa michezo ya video. Si ule wa kukimbizana na kupigana, bali ule mfupi wa pale mchezo unaposimama, wahusika wakazungumza, mchezaji akabaki kutazama. Safari hii ni sekunde ishirini za mama anayemuaga bintiye. Wenye mchezo wanazitaka adhuhuri.

Kipande kinapofifia, sauti inatoka jikoni. Shangazi yake, anayeishi naye, anasugua masufuria huku akiimba mdomo umefumbwa. Anaudaka wimbo pale pale ulipoachwa, anaufikisha mwisho.

Bi Kinanda anageukia mlango wa jikoni. Mwisho huo ndio anaoutafuta tangu jana.

“Hilo ndilo tunaloliogopa sisi watunzi,” anasema. “Unadhani umetunga, kumbe umekumbuka wimbo wa mtu.”

Fundi aliyemfundisha kazi yalimkuta hayo, na hakupata kazi tena. Naye Bi Kinanda amekwisha kuahidi kwa maandishi kwamba wimbo ni wake.

Anamfuata shangazi na kumuuliza ameutoa wapi. Shangazi anasema hajui, uko kichwani tu, labda wa zamani. Bi Kinanda anampigia simu mtunzi mwenzake, anamwimbia, mwenzake hautambui. Hilo nalo halimtulizi.

Saa tano, shangazi anamletea chai na kumkuta kashika tama.

“Mwanangu, kwani wimbo wenyewe si huo ulioninyima usingizi wa mchana wiki nzima? Ukuta huu kama karatasi. Halafu ukaukata mkia, sijui ulikukosea nini.”

Bi Kinanda anafukua kazi alizozitupa kwenye kompyuta. Jaribio la kwanza kabisa lina mwisho ule ule. Aliufuta akiona unaliza mno, akausahau.

Anaurudisha, anautuma. Chai imepoa. Simu iko mapajani, kila dakika anaigeuza.

“Wachezaji wengi hubonyeza waruke sehemu hiyo,” anasema. “Ukikubaliwa, naomba hata mmoja tu aache kidole hewani, amngoje yule mama amalize kuaga.”