Rimu za Binti wa Mzee Yai

Waliompachika jina la Mzee Yai hawakukusudia kumsifu. Walikuwa madereva wenzake wa kijiwe cha pikapu, watu wenye haraka zisizo na maana, waliochoka kukwama nyuma yake akipanda kilima kwa gia ya pili huku akiwapungia mkono wapite. "Huyo kabeba mayai," walisema, na jina likaganda. Lakini mwenye duka la vioo alipokuwa anatafuta mtu wa kuwapelekea wateja mizigo yao, hakuuliza nani ana mbio. Alimuulizia huyohuyo mwenye mayai, na tangu hapo mzee hakuwahi kukosa kazi.

Kioo husafirishwa kimesimama. Ukikilaza, shimo la kwanza tu kinakuwa viwili. Mzee alijitengenezea fremu ya mbao nyuma ya pikapu, pana chini na nyembamba juu, akawa anaviegemeza vioo pande zote mbili na kuvitenganisha kwa vipande vya tyubu kuukuu. Redio aliing'oa mwenyewe. Alidai kwamba kioo husema kabla hakijavunjika: huanza kulia tetete kwa sauti nyembamba, na dereva mwenye masikio hupunguza mwendo kabla hakijaishiwa subira. Wenzake walimcheka sana kwa hilo, na kila aliyemcheka alikuwa ameshavunja kioo cha mtu.

Basi mtu wa namna hiyo, mkono wa kulia ukaanza kumtetemeka. Ulianzia mezani asubuhi, kikombe kikagonga kisahani chake bila ya kuchokozwa. Mzee akakiweka chini upesi, akasingizia chai ya moto. Siku chache baadaye alinunua kikombe kikubwa cha bati, akawa anakishika kwa mikono miwili na kusema kwamba chai ya kwenye bati ina ladha yake. Hakumwambia mtu. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na nyumbani walibaki wawili tu, yeye na bintiye mshonaji, ambaye cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Dereva wa vioo mwenye mkono unaotetemeka, alijiambia, kinyozi kipofu atapata wateja kabla yake. Na kwake yeye kunyang'anywa usukani kulikuwa sawa na kuambiwa akae barazani asubiri kuzikwa.

Ndipo binti akamnunulia rimu. Zilikuwa mpya, pana, nyeusi za kung'aa, na matairi yake manene. "Baba, zile za zamani zimechoka," alisema, hakusema zaidi. Muuzaji wa rimu alizifunga palepale mbele ya duka lake, kwa jeki moja, spana moja na maneno mengi. Pikapu ikasimama pale imejivuna, utadhani imeposwa. Mzee aliizunguka mara mbili akiipapasa, na furaha yake haikuwa ya kuigiza.

Baba na binti walipotoka nje ya mji na mwendo ukakolea, usukani ukaanza kutikisika. Mtikisiko ulipanda viwiko, ukafika mabegani, ukagonga meno. Akipunguza mwendo, unatulia. Akiongeza, unarudi.

Binti alihuzunika. Mzee hakuhuzunika, na aibu yake ilianzia hapo. Aliutazama mkono wake unaotetemeka juu ya usukani unaotetemeka, akaona kwamba hakuna binadamu ambaye angeweza kuutenga huu na ule. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kupewa rimu. Kuanzia siku hiyo, chochote kilichomponyoka mkononi, iwe kijiko, kitasa au funguo, alikuwa na la kusema: "Ni usukani ule, umenitia ganzi."

Binti akampeleka baba kwa fundi, magurudumu yabalansiwe, yaani yasawazishwe uzito. Hayakutulia. Wakaenda tena kwingine, wakapimwa na mnyooko wa magurudumu, bado. Akasema basi warudishe rimu za zamani, ziko uani. "Zawadi hairudishwi, mama," mzee akajibu, na majirani waliosikia wakasema kweli huyu ni baba.

Kisha kikaja kioo cha saluni, kioo cha kujitazamia, kirefu kuliko mlango. Mzee alikuwa anakata kona taratibu kabisa, kwa mwendo ambao hata rimu mbovu haina la kusema, mkono ukaruka wenyewe. Gurudumu la mbele likapanda ukingo wa barabara, likashuka kwa kishindo. Safari hiyo kioo hakikulia tetete. Kilisema neno moja tu, na mzee akajua bila ya kugeuka.

Mwenye duka la vioo aliviangalia vipande kwa muda mrefu. "Mzee wangu, hujawahi kunifanyia hivi. Kuna nini?"

"Rimu," mzee akasema. "Binti kaniletea rimu, usukani hautulii."

Binti alikuwa amesimama pembeni, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi, maana alikuja mbio aliposikia. Hakumtazama baba yake. "Ni kweli," alisema. "Kosa ni langu. Niachie, nitazishughulikia."

Mwenye duka akasema atatoa safari moja tena, kwa heshima ya siku zilizopita. Kikipasuka kingine, atatafuta dereva mwingine. Mzee aliinamisha kichwa. Angeweza kusema palepale, na hakusema, akamwacha mwanawe abebe mzigo wa mkono usio wake. Jioni hiyo aliisikiliza cherehani ikienda na kusimama, ikienda na kusimama, mshono wa mtu ambaye mawazo yako kwingine, na alijichukia.

Kesho yake binti alimpeleka kwa fundi wa magurudumu ambaye alisifiwa na wateja wake, mtu wa tumbo kubwa na maneno yasiyopungua tumbo. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya ghala, umejaa matairi yaliyopangwa mpaka usawa wa kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, usijisumbue sana. Wameshabalansi mara mbili. Hii ndiyo tabia ya rimu hizi."

"Tabia ya rimu!" Fundi alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzee, walibalansi gurudumu. Nani aliyetazama linakaaje?"

Alipiga jeki, akalitoa gurudumu la mbele, akasugua kutu kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, kwa brashi ya chuma, kisha akalirudisha bila nati na kumwita binti. "Dada, hebu tazama hapa katikati. Ingiza ukucha." Ukucha ukapita. Tundu la katikati la rimu lilikuwa kubwa kuliko habu, pengo dogo la kuzunguka pande zote. "Rimu iliyokuja na gari hili hukalia hapa, imebana kabisa. Hizi mpya zimetengenezwa ziingie kwenye magari mengi, kwa hiyo tundu lake ni pana. Unaona? Zilikuwa zinaning'inia kwenye nati peke yake."

Binti aliinama, akatazama kama anavyotazama nguo ya mteja msumbufu. "Ni kama koti lililoshikwa na vifungo tu," alisema. "Mabega hayajakaa."

"Hapo umesema kuliko mimi," fundi akajibu.

Akaleta kopo la pete za alumini, akazijaribu moja baada ya nyingine mpaka akapata iliyoingia kwenye habu bila ya kulegea, na rimu ikaikalia bila ya kulegea. "Chanda na pete," alisema, akapiga busu hewani. Kisha akaanza kukaza nati, gurudumu bado likiwa juu: ya huku, halafu ya ng'ambo yake, halafu akarudi huku, kidogo kidogo. Aliyezifunga mwanzo, alieleza, alizunguka nazo moja baada ya moja, gari likiwa limeshashushwa chini, na gurudumu likavutwa upande mmoja likabaki hukohuko.

Mzee alikuwa amekaa juu ya tairi, mkono wa kulia ameukalia. Kila nati iliyokazwa ilimfungia mlango. "Yatosha hayo ya mbele," alisema. "Nyuma hakuna neno." Fundi hakumsikia au alijifanya hakumsikia, akafanya yote manne. Mzee akaomba, Mungu amsamehe, kwamba fundi awe amekosea.

Fundi hakukosea. Walitoka wawili, baba na binti, mpaka kwenye barabara iliyonyooka nje ya mji. Mwendo ulikolea, ukafika pale ambapo usukani ulizoea kuanza vurugu zake, ukapita. Usukani ulitulia tuli. Binti alipiga makofi kama mtoto. "Baba! Umeona? Umeona sasa?"

Halafu akanyamaza, kwa sababu kitu kimoja ndani ya gari kilikuwa bado kinatetemeka, nacho kilikuwa mkono wa baba yake.

Mzee alipunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara, akazima injini. Aliuondoa mkono kwenye usukani, akauweka juu ya goti ambapo ungeonekana vizuri.

"Ulianza kabla ya rimu," alisema. "Kioo cha saluni nilikivunja mimi. Kwa kioo hicho rimu hazikuwa na kosa, na wewe hukuwa na kosa. Nilikusingizia, mwanangu. Nilijua nakusingizia."

Alingoja hasira. Aliitaka, angalau ingempunguzia. Binti alikuwa anatazama mbele, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Nilijua," alisema mwishowe.

"Ulijua nini?"

"Mkono. Nilikisikia kikombe, baba, kabla hujanunua hicho cha bati. Siku zote nakaa na cherehani, nayajua mambo yanayotetemeka." Akajifuta kwa kiganja. "Nilipokwenda kwa yule muuzaji nilimwambia nataka kitu cha kufanya gari litulie. Akasema rimu pana hushika barabara, usukani hauchezi ovyo. Nikasema, labda zitamshikia baba. Halafu baada ya kuzifunga nikaona unatetemeka zaidi. Nikajua nimekuzidishia ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa mengi, hilo hakujiandaa nalo. Kumbe wakati yeye anajificha nyuma ya zawadi, aliyeileta alikuwa anajihukumu kila siku kwa ajili ya mkono uleule. Alilia, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya barabara yote. Lori likapita likapiga honi, na hakujali.

Alipomaliza alifungua mlango, akazunguka mbele ya pikapu akiishikilia boneti, akafungua mlango wa upande wa binti. "Sogea," alisema.

"Baba, mimi nilifundishwa kwa kigari kidogo cha shule ya udereva. Hili hujawahi hata kuniacha niliwashe."

"Ndiyo maana nasema sogea."

Binti alisogea mpaka kwenye usukani. Injini ilizima mara ya kwanza, ikazima na ya pili. Ya tatu pikapu iliruka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, ikashika njia. Mzee alishika dashibodi kwa mikono yote miwili, mzima na mgonjwa.

"Usiunyonge huo usukani. Legeza. Shimo linakuja, liko mbali bado, usilikimbie, lisogelee pole. Hivyo. Kesho kioo cha watu utakibeba wewe. Mimi nitakaa hapa nisikilize."

"Na mwenye duka tutamwambia nini?"

"Ukweli. Nitamwambia mwenyewe." Walikwenda kidogo kwa gia ya pili, magari yakiwapita. Kisha mzee akasema, akitazama nje ya dirisha: "Na huu mkono inabidi ukaonwe na daktari. Nimeogopa, sitaki kukudanganya tena. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka, baba," binti akasema, macho barabarani, vidole vimelegea kidogo. "Ila tutalala hukohuko hospitali. Kurudisha gari nyuma bado sijui."