Mkono wa Mzee Hamisi

Siku ya kwanza kazini hospitalini, Mganga Mfawidhi aliisoma barua yangu ya ajira mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Tiba kwa vitendo ndiyo nini? Wewe ni wa mazoezi ya viungo au wa ushonaji?" Nikamweleza kwamba wa mazoezi anaunyoosha mkono, sisi tunauliza huo mkono utafanya nini: kuoga, kufunga vifungo, kusonga ugali, kurudi kazini. Hakuelewa. "Haya binti, kakae stoo." Humo stoo nikapanga vifaa vya kuwafundishia wagonjwa: sufuria, ndoo, ufagio na shati la kujifunzia vifungo. Wiki ile ile akina mama wawili wakaingia kuuliza bei ya sufuria. Nilikasirika hasa! Sasa nacheka, lakini wakati ule hata mimi nilianza kujiuliza kama kweli kuna kitu nilichosomea.

Baadaye nikapelekwa kambini kwa wakimbizi wa Burundi, chini ya Mratibu wa Utengamao; utengamao ni kazi nzima ya kumrudisha mtu kwenye maisha yake baada ya ugonjwa au ajali. Mratibu alikuwa mkali. "Mgonjwa asipofanya mwenyewe, wewe hujafanya kazi," alikuwa akisema. Nikamfundisha mama mmoja aliyepoteza mkono wa kulia kulima na kula kwa mkono wa kushoto. Pale kwake kila mtu alikuwa na bakuli lake na kijiko chake. Nikimuuliza kama ameridhika, anajibu "Ego, ego," yaani ndiyo, huku anacheka. Basi nikajiona fundi. Nyie mnaoanza leo, hapo ndipo pa kujihadhari.

Nikahamishiwa mjini, kwenye utafiti wa wagonjwa wa kiharusi. Mtafiti Mkuu, mama wa chuo kikuu, alileta dodoso lililotungwa nchi za mbali: anayekula mwenyewe anapata alama zote, anayelishwa anapata sifuri. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Mzee Hamisi wa mtaa wa Buzebazeba, muuza mawese, upande wote wa kulia umepooza.

"Shikamoo Mzee. Leo tunaanza kula kwa huu."

Akautazama mkono wake wa kushoto. "Huu ni wa chooni, mwanangu."

"Jaribu tu, Mzee wangu."

Alijaribu kwa wiki sita. Tonge lilimponyoka, mchuzi ukamwagikia kanzu, mimi nikimsifu kama mtoto. Mwishowe akala mwenyewe, na Mtafiti Mkuu akapiga makofi. "Alama zote! Andika: anajitegemea."

Mwezi uliofuata nikaenda kumtembelea nyumbani, nikafika wakati wa chakula cha mchana. Kaka yake, Mzee Rajabu, na wanaume wengine wa nyumba ile walikuwa wamezunguka sinia la ugali na samaki wa migebuka. Mzee Hamisi alikuwa pembeni peke yake, juu ya kigoda, na sahani ya plastiki, uso ameuelekeza ukutani. Nikadhani wamegombana.

Mkewe, Bi Zaina, akanivuta jikoni. "Kabla yako kaka yake alikuwa anamlisha, tonge kwa tonge, wanataniana. Sasa umemzoesha mkono ule, nani atatia mkono sinia moja naye? Hata yeye mwenyewe anaona haya. Umemponya nini, binti yangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikarudi kwa Mzee Hamisi kumwomba radhi, naye akaniwahi.

"Nipunguzie hizo alama, mwanangu. Nirudi pale."

Masikini, alidhani ni alama zangu zilizomtenga! Nikakaa na Mzee Rajabu, nikamwonyesha jinsi ya kulisha: tonge dogo, upande wa mdomo wenye nguvu, na kungoja mpaka ameze asije akapaliwa. Siku hiyo hiyo wakamsogezea mkeka. Kwenye dodoso nikaandika sifuri.

"Umetuharibia matokeo!" Mtafiti Mkuu alifoka. "Mgonjwa amerudi nyuma?"

"Amerudi kwenye sinia, mama."

"Dodoso halina swali la sinia."

Kweli halikuwa nalo. Na kweli mkono ule uliweza kula. Kila nilipojaribu kuamua nani kati yetu amekosea, kichwa kilinizunguka.

Nimestaafu sasa, nalima maharage kijijini Simbo. Wanafunzi wanakuja kuniuliza ile sifuri ilikuwa sahihi au la, nami nawakaripia kwa haraka zao, kumbe jibu sina.

Mwaka jana Mzee Rajabu alifariki. Baada ya arobaini Bi Zaina akanipigia simu niende. Nilimkuta Mzee Hamisi amekonda. Wanawe walijaribu kumlisha, akafumba mdomo. Kulishwa na watoto aliowalisha yeye hakukubali. Wajukuu siku hizi wanajipakulia, kila mtu na sahani yake na kijiko chake, macho kwenye simu.

"Nifundishe tena ule mkono," akaniambia.

Nikavuta kigoda, tukaanza upya, safari hii kwa kijiko. Nilikwenda kwake karibu mwezi mzima. Siku moja akamaliza sahani ya wali bila kumwaga punje, na hakuna aliyeinua macho kumtazama. Akaweka kijiko chini.

"Sasa ndiyo nimepona, mwanangu?"