Chakula cha Wanakwaya

Sifa zote ni kwa Mungu, aliyeniachia sauti ya besi hata baada ya meno kupungua, na aliyenivumilia kwa mengi, hili ninaloandika likiwamo. Namshukuru, ingawa leo mkono wangu ni mzito.

Mimi ni mwenyekiti wa kwaya ya kigango chetu, nje kidogo ya Ushirombo. Nilichaguliwa zamani, na kila uchaguzi wananirudisha, nadhani kwa sababu nina baiskeli nzima na sauti ya kukemea. Kwaya yetu haiishii kuimba Jumapili. Mtu akiugua muda mrefu tunakwenda kumpalilia shamba. Akifiwa tunakwenda kuimba, na matanga yakishaanuliwa, watu wakishatawanyika, tunarudi kwake na sukari, sabuni, unga na kanga. Tunaita matendo ya huruma. Nilijivunia jambo hili kuliko hata nyimbo zetu.

Mwaka juzi, kijana mmoja wa kijijini kwetu alifukiwa na kifusi akiwa ndani ya duara, shimo wanalochimbia dhahabu, kwenye machimbo madogo upande wa Geita. Wenzake walimleta nyumbani, tukamzika. Aliacha mke, watoto wanne na mama yake mzazi. Mwezi ulipopita nikaona ni wakati wa kwenda kumfariji mjane. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na watu walikuwa wakitengeneza majaruba ya mpunga.

Nilimtuma katibu wa kwaya, mama mcheshi anayeishi jirani na mjane, apeleke taarifa.

"Nimwambie tutakuwa wangapi, baba mwenyekiti?"

"Thelathini na wawili. Na umwambie kwaya haiimbi na njaa."

Akacheka, nami nikacheka. Kwetu mgeni haondoki bila kula, hata aliyekuja kuuliza njia. Hilo nalijua tangu utotoni. Nilijua pia kwamba mwenyekiti akitania, mwenye shida husikia agizo. Nilicheka hata hivyo.

Jumamosi tulifika tukiwa na sare zetu za bluu, tukiimba tangu njia panda. Mjane alitupokea kwa kupiga goti, macho yake mekundu kwa moshi. Tuliimba nyimbo tano, tukasali, nikasema maneno marefu kuliko ilivyohitajika. Kisha tukamkabidhi vitu vyetu: ndoo ya unga, sukari kilo tano, mche wa sabuni na kanga. Akashukuru. Ndipo sufuria zikatoka jikoni. Wali mweupe, mwingi, na kuku.

"Sauti ya nne kaeni mbali na sufuria," mwalimu wa kwaya alisema. "Tunawajua."

"Mwalimu, wewe mwenyewe umeshafungua mkanda!" katibu akamjibu, na uwanja mzima ukacheka.

Wali ule ulikuwa unanukia. Nikamwita mjane.

"Mama, mchele huu umeutoa wapi? Hata sokoni Buseresere sijaupata wa namna hii."

"Ni wa hapa hapa nyumbani, baba," akasema akiangalia upawa.

"Basi niongeze. Na ukoko kama upo."

Akaniongeza. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, hana sahani.

"Mayu, mama yetu, mbona huli?" nikamuuliza.

"Nimeshiba kuwaangalia."

Tukacheka tena. Nilidhani ni utani. Tulipoondoka, nilimwambia katibu kwamba mjane huyu hana shida kubwa kama tulivyofikiri.

Januari nilipita kwao kwa baiskeli. Majaruba ya jirani zake wote yalikuwa ya kijani, la kwake lilikuwa maji na nyasi. Nikasikia hasira, ile hasira ya mtu anayejiona ametoa msaada na msaada wake umechezewa. Nikamkuta uani anapepeta dagaa.

"Mama, msiba hauzuii jembe," nikamwambia. "Mvua inakwenda. Mbona hujapanda? Watoto watakula nini?"

Aliinamisha kichwa na kuendelea kupepeta. Ni yule bibi aliyenijibu, kutoka kwenye kigoda chake.

"Apande nini? Mbegu si mliila ninyi? Na mliimba vizuri kweli."

"Mama!" mjane akamkataza mkwewe.

"Niache niseme. Mtoto wangu alitenga gunia lile kwa mikono yake kabla hajaenda kufa. Wakatuambia kwaya haiimbi na njaa. Huyu akalibeba kwenda mashine kukoboa. Na kuku wote watatu. Wageni wa Mungu, angewapa nini?"

Nilisimama nimeshika baiskeli. Nimehubiri mara nyingi juu ya mjane aliyempikia nabii unga wake wa mwisho. Nabii yule aliomba, na unga haukuisha. Mimi niliomba ukoko.

"Hatukujua, mama," nikasema.

"Usijali, baba," mjane akajibu. "Ilikuwa heshima kwetu."

Neno hilo liliniumiza kuliko maneno ya mkwewe.

Ningekuwa mtu mzima kweli, ningewaambia wanakwaya siku hiyo hiyo. Sikufanya hivyo. Nilitoa mbegu kwenye akiba yangu, nikaitisha kwaya, nikasema tunakwenda kumsaidia mjane kupanda, tendo jingine la huruma. Nikaagiza kila mtu aje na chakula chake, bila kueleza kwa nini. Tukamwaga mbegu kitaluni, miche ilipokua tukarudi kuipandikiza. Mjane alipoona tumebeba vyombo vya chakula alisimama mbele yangu.

"Baba, mnaogopa sufuria yangu?"

Nilichukua fungu la miche, nikaingia jarubani. Alituchemshia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukala kidogo kidogo, na hakumwambia mtu yeyote neno. Angeweza kuniaibisha mbele ya watu wote thelathini na mmoja. Alinisitiri.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Mvua ilikatika mapema, na mpunga uliotoa masuke mwishoni ukawa mapepe matupu. Alichovuna hakikujaza gunia. Mwaka ule mjane alikwenda Ushetu kufanya kibarua kwenye mashamba ya tumbaku, miezi mitano, akawaacha watoto kwa bibi yao. Mdogo wao alikuwa hajaacha kulala mgongoni.

Mjane akiwa bado huko, tuliadhimisha siku ya kwaya kigangoni. Padri alitusifu mbele ya watu wote kwa kumlimia mjane, akaniita mbele na kunipa kipaza sauti. Makofi yalikuwa mengi. Yule bibi alikuwa kwenye benchi la pili, wajukuu wamemzunguka. Hakupiga makofi. Hakukunja uso pia. Alisubiri tu kusikia nitakachosema.

Nilisema, "Tunamrudishia Mungu sifa zote," nikaketi.

Hata jina la Mungu nililitumia kujifunika. Nimeungama kwa padri, na ninaamini nimesamehewa. Ila padri hakulala njaa kwa ajili yangu. Mjane amekwisharudi kutoka Ushetu. Jumatatu iliyopita nilikwenda kwake, nikayasema yote mbele ya mkwewe na watoto, bila kutafuta maneno mazuri. Alilia kidogo. Bibi aliniambia, "Sasa kawaambie wenzako," na ndiyo sababu nimeandika, ili Alhamisi nisimame mbele ya kwaya na karatasi mkononi, nisipate nafasi ya kupunguza kitu. Wakitaka mwenyekiti mwingine, ni haki yao.

Wewe unayesoma, Mungu aibariki nyumba yako na ghala yako. Ukienda kumfariji mtu, akupe macho ya kuona kilicho jikoni kwake, na ulimi mwepesi wa kusema kosa lako kabla mvua haijapita. Amina.