Sauti ya Gatluak

Majak aliongoza kwaya ya kanisa kambini Kakuma, na kila wimbo aliurekodi na kuuhifadhi kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Gatluak, mwimbaji wake hodari, alipofariki, Majak aliazima flashi ili amnakilie mama wa marehemu sauti ya mwanawe. Flashi ile ilikuwa na virusi. Alipoichomeka tu, mafaili yote yakafungwa, yasifunguke tena.

Akaibeba kompyuta hadi Lodwar kwa Nakal, fundi aliyesifika. Nakal alihangaika nayo mchana kutwa, kisha akashusha pumzi.

"Virusi nimeviondoa vyote, kaka. Kompyuta yako sasa ni safi."

"Na nyimbo?"

"Virusi vilizifunga kabla sijavitoa. Kuzifungua siwezi. Pole sana."

Majak akarudi Kakuma na mashine iliyopona, moyo ukimuuma. Nyaboth, mama yake Gatluak, alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Mama, sauti yake imepotea," akasema.

"Basi niimbie wewe, mwanangu," Nyaboth akajibu.

Majak akaanza wimbo ambao Gatluak aliupenda kuliko zote. Kwenye ubeti wa pili akashindwa kuendelea, wakabaki wote wawili wakilia.