Choo Chini ya Kapeti

Tulichoka kupanga Kibera, tukanunua nyumba yetu ya mabati huko Kawangware, sehemu inaitwa Kongo. Mzee aliyetuuzia alikuwa ameivalisha kama bibi harusi: mapazia ya maua kwa kuta zote, na kapeti ya plastiki inang'aa mpaka unajiona meno. Bibi yangu akamwomba atuachie kila kitu vile kilivyo. Mzee akakubali haraka sana.

Mvua ya kwanza kunyesha, kapeti ikavimba kama tumbo ya ng'ombe. Nikaiinua. Woi! Hiyo harufu ingefukuza fisi. Simiti ilikuwa imepasuka, na chini kulikuwa na choo ya shimo ya zamani, imejaa, inachemka, funza wananiangalia kama wao ndio landlord. Nilitapika mpaka chakula ya Krismasi.

Nikampigia mzee.

"Kijana, si hata matajiri huwa na choo ndani ya nyumba?" akacheka, akakata simu.

Bibi yangu alikuwa ashabeba godoro kichwa.

"Baba watoto, mimi siwezi pikia watoto juu ya mavi ya watu."

Nikabeba jiko, nikamfuata mpaka Kibera kwa dadake. Hadi leo nanusa mikono kabla nishike ugali.